Injini Imeingia, Lori Halitaki: Kutafuta Ubovu Baada ya Kubadili Injini ya Dizeli

Kwenye lori ilikotolewa, injini ilikuwa inanguruma vizuri. Ikashushwa, ikapandishwa kwenye lori jingine, na sasa inatoa moshi, au inachemsha, au haiwaki kabisa. Mwenye lori ana hakika ameuziwa injini mbovu. Fundi naye ameshashika spana, anataka kufungua silinda hedi.

Ngoja kwanza. Katika malori niliyoyashika mwenyewe, ubovu wa namna hii mara nyingi haumo ndani ya injini. Umo pale injini ilipokutana na lori: kwenye belihauzi (kava la chuma linalounga injini na giaboksi), kwenye bomba la kunyonya dizeli, kwenye waya wa ethi (unaorudisha umeme kwenye betri), kwenye soketi ya pedeli. Injini ina tabia zake, lori lina tabia zake, na wewe fundi ndiye mshenga.

Kwa hiyo usiulize injini ina nini, uliza nini kimebadilika. Chukua karatasi uandike kila kilichokatwa, kilichorefushwa, kilichogeuzwa au kilichotoka kwenye lori jingine. Mara nyingi jibu limo humo kabla hujafungua boneti.

STATA INAZUNGUSHA VIZURI, INJINI HAIWAKI

Hapa njia zinagawanyika mapema. Injini isiyo na kompyuta, kama Cummins 6BT yenye pampu ya Bosch P7100, inataka vitu vichache: dizeli isiyo na hewa, solenoidi ya kuzimia iliyofunguka, na mzunguko wa kutosha. Anza na solenoidi. Ndani yake mna koili mbili, moja ya kuvuta na moja ya kushikilia. Ile ya kuvuta inakula umeme mwingi kwa muda mfupi sana, ndiyo maana inahitaji rilei na waya mnene. Ukiilisha kwa waya mwembamba kutoka kwenye swichi ya ufunguo, itagonga "tk" na isivute. Ukiiachia umeme muda wote, itaungua. Jaribio lake ni la bure: mwenzako azungushe stata, wewe vuta wenzo wa pampu kwa mkono. Ikiwaka, pampu umeisingizia.

Ikikataa, tafuta hewa. Funga kipande cha mpira unaoonyesha ndani kabla ya pampu ya kunyonyea, na kingine kwenye njia ya kurudi tankini, uangalie mapovu. Kumbuka jambo moja linalowachanganya wengi: upande wa kunyonya ukiwa na tundu hauvuji dizeli, unavuta hewa. Utapitisha mkono kwenye bomba lote na lote litakuwa kavu. Kaza au badilisha maungio yote kutoka tankini mpaka kwenye pampu, hata yale yanayoonekana mazima.

Kuna ubovu mwingine wa dizeli unaochekesha ukishaujua. Lori linatembea siku nzima tanki likiwa limejaa, likifika nusu linazima, ukijaza linawaka. Mabomba ya tanki yamebadilishana nafasi. Bomba la kurudishia mara nyingi ni fupi, halifiki chini ya tanki. Ukilifanya la kunyonyea, litanyonya dizeli mpaka usawa wake, kisha litaanza kunyonya upepo.

Kwa injini ya kompyuta, tazama kwanza sindano ya mizunguko kwenye dashibodi wakati stata inazunguka. Ikikaa sifuri, kompyuta huenda haijui kwamba krenki inazunguka, na isipojua haitatoa dizeli. Injini kadhaa, Volvo D12 ikiwemo, zina sensa inayosoma mwendo kwenye flaiwili, lile gurudumu zito nyuma ya krenki. Sasa fikiria umebadilisha flaiwili ili klachi ya lori lako ikae. Flaiwili mpya imekaa vizuri, boliti zimeingia zote, ila mikato inayosomwa na sensa haipo, au ipo kwa mpangilio mwingine. Niliwahi kupoteza siku mbili kwa jambo hili. Nilibadilisha sensa, nikabadilisha waya, nikaanza kuilaumu kompyuta. Mwishowe nilichomoa sensa, nikamulika tochi kwenye tundu lake huku injini inazungushwa taratibu kwa mkono. Kilichopita mbele ya macho yangu ni chuma laini tupu, mzunguko mzima.

Kama sindano inapanda na injini bado haiwaki, pima umeme wa kompyuta wakati stata inazunguka, si wakati imetulia. Kompyuta nyingi za injini huchukua umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri kupitia fyuzi zake, na ufunguo huleta waya mmoja tu wa kuamsha. Aliyekata waya bila mchoro huwa ameunganisha vyote kwenye ufunguo. Hakikisha pia hujaoanisha volti 24 na 12: malori ya Marekani kwa kawaida ni ya 12, ya Ulaya ni ya 24.

Na kama injini imetoka kwenye lori lenye ulinzi wa ufunguo, kompyuta yake inamsubiri mwenzake iliyemzoea. Mercedes Actros, kwa mfano, ina kompyuta ya injini na nyingine ya gari, na zinaongea. Kubeba moja bila nyingine ni kubeba kufuli bila ufunguo.

INAWAKA, LAKINI PEDELI HAIJIBU AU NGUVU ZIMEFUNGWA

Usikimbilie tabo, ile inayosukuma hewa ndani ya injini. Soma kodi za makosa kwenye kompyuta, na zaidi ya namba ya kifaa, soma namba ya aina ya kosa. Katika mfumo wa J1939, lugha ya pamoja ya kompyuta za malori, kosa la aina ya 3 ni volti iliyopanda kupita kiasi na la 4 ni volti iliyoshuka. Baada ya kubadili injini hizo mara nyingi ni waya uliokatika, uliogusa bodi, au ulioingizwa kwenye pini isiyo yake. La 9 ni tofauti: kompyuta inasubiri taarifa ambayo haiji kwa wakati. Huenda inasubiri kompyuta ya giaboksi au ya breki ambayo lori lako halina. Hakuna sensa ya kununua hapo. Kinachotakiwa ni kuipanga kompyuta upya iache kusubiri.

Mtandao wenyewe unaounganisha kompyuta hizo unapimwa kwa mita ya kawaida. Tenganisha betri. Kwenye soketi ya pini tisa ya kupimia, weka ncha moja ya mita kwenye pini C na nyingine kwenye D. Unatakiwa kusoma omu 60 hivi, kwa sababu kila mwisho wa mtandao una kizuizi cha omu 120 na viwili vimekaa sambamba. Ukisoma 120, kizuizi kimoja hakipo au waya umekatika njiani. Ukisoma 40, viko vitatu, na hili ndilo nalikuta zaidi kwenye injini zilizohamishwa: waya za kabini zilikuja na chao, waya za injini na chao, na hakuna aliyekumbuka kutoa cha ziada. Lori kama hilo huwa halifi. Linasumbua tu, leo linakubali kesho linakataa, na mwenyewe anaanza kusema limelogwa.

Pedeli nayo ni mtego. Caterpillar 3406E inataka pedeli inayotoa umeme kwa mapigo, wakati Cummins na Detroit za kielektroniki za kipindi hicho hutumia volti inayopanda na kushuka, pamoja na swichi inayothibitisha kwamba mguu umeinuliwa. Kwa macho zinafanana. Ukiacha pedeli ya zamani na injini ni ya kundi jingine, mizunguko itabaki ile ya kusimama, ukanyage usikanyage.

Lori likifungwa mwendo fulani au mizunguko isipande kupita kiwango fulani barabarani, angalia sensa ya mwendo kwenye mkia wa giaboksi na tarakimu zilizomo ndani ya kompyuta: meno ya sensa, uwiano wa difu, ukubwa wa tairi. Kompyuta iliyotoka kwenye lori lenye difu nyingine inapiga hesabu za lori lile. Baadhi zikikosa kabisa taarifa ya mwendo huibana injini, maana zinadhani dereva ameichomoa sensa makusudi.

Neno moja kuhusu injini za karibuni zenye kichujio cha masizi na tanki la urea: ukiiacha mitambo hiyo kwenye lori ilikotolewa injini, injini itajipunguzia nguvu yenyewe. Kuidanganya kwa programu ni kosa la kisheria katika nchi nyingi. Kama huwezi kuihamisha yote pamoja, chagua injini nyingine.

MOSHI

Moshi mweusi wakati wa kuvuta mzigo maana yake dizeli imezidi hewa. Kabla ya kugusa pampu, tafuta hewa imeishia wapi. Mabomba ya intakula (kipozeo cha hewa inayotoka kwenye tabo) ndiyo hukatwa na kuungwa zaidi katika kazi hii, na klempu ya kawaida ya maji haiwezi presha ya tabo. Ziba pande zote mbili za intakula, jaza hewa mpaka psi 30, funga, hesabu sekunde 15. Kwa kipimo kinachotumika sana, ikishuka zaidi ya psi 5, inavuja kiasi cha kukunyima nguvu. Kaa pembeni ya vizibo unapojaza, vikifyatuka vinavunja mbavu. Halafu angalia bomba la ekzosi. Lori lililokuwa na injini ndogo lina sailensa ya injini ndogo, na injini nyingi kubwa za malori zinataka mgandamizo wa kurudi usizidi kilopaskali 10 hivi.

Halafu kuna wale "walioongeza pampu". Wanasogeza kile kinachozuia dizeli mpaka presha ya tabo ipande, lori linatoka kama limechomwa mkuki, na moshi unafunika barabara. Sibishani na mtu anayetaka nguvu, ila namwambia afunge geji ya joto la ekzosi kabla ya tabo. Ikikaa juu ya nyuzi 700 za Selsiasi mlima mzima, pistoni za aluminiamu zinaelekea kuyeyuka, na hazitoi taarifa. Dizeli uliyoongeza bila kuongeza hewa haigeuki kuwa nguvu. Inageuka kuwa joto na masizi.

Moshi mweupe unaochoma macho, wakati injini inakataa kuwaka asubuhi, ni dizeli isiyoungua. Pampu ikifungwa nyuma ya taimingi (wakati wa kupuliza dizeli) kwa jino moja hufanya hivyo. Ikiwa mbele ya taimingi, injini itagonga kwa mlio mkavu, na hapo zima mara moja. Kwenye injini za injekta za kielektroniki, mlio wa silinda moja kupishana na nyingine unaweza kutokana na namba za injekta ambazo hazikuingizwa kwenye kompyuta baada ya kuhamishwa.

Moshi wa bluu, angalia bomba linalorudisha oili kutoka kwenye tabo. Ukigeuza tabo ili ikae kwenye chesisi mpya na bomba likapinda juu hata kidogo, oili itajaa na kupita kwenye sili. Bomba lazima literemke njia yote. Tabo ngapi zimetupwa kwa sababu hii.

Na kwa siku ya kwanza ya kuwasha: weka ubao bapa karibu na mdomo wa kuingizia hewa, bila bomba la kichujio. Injini ya dizeli inayojilisha oili kupitia tabo, au yenye pampu iliyofungwa vibaya, inaweza kupanda mizunguko bila kukoma, na ufunguo hautaizima. Kuiziba pumzi ndiyo dawa. Kwa ubao, si kwa kiganja wala kitambaa.

INACHEMSHA

Uliza lini. Ikichemsha kwenye foleni na kwenye mlima wa mwendo wa konokono, lakini ikikimbia inapoa, tatizo ni feni. Ikichemsha inapokimbia na mzigo, tatizo ni rejeta au mzunguko wa maji.

Kwa feni, angalia kama imefungwa kinyume: ikizunguka upande sahihi lakini imegeuzwa uso, bado inavuta upepo, ila kidogo. Kisha angalia kava lake. Injini mpya ikikaa nyuma zaidi ya ile ya zamani, feni inabaki nje ya kava na inazungusha upepo ule ule wa moto. Mapanga yakae karibu nusu ndani na nusu nje ya kava, na nafasi pembeni iwe ndogo kadiri injini inavyoweza kucheza bila kugusa.

Kwa maji, chanzo kinachosahaulika ni bomba dogo linaloshuka kutoka tanki la juu mpaka upande wa kunyonya wa pampu ya maji. Wengi huliziba kwa kuona halina kazi. Kazi yake ni kuipa pampu maji yenye presha na kuacha hewa itokee juu. Likikosekana, pampu inavuta mapovu, na kwenye injini yenye slivu za maji (bomba za silinda zinazozungukwa na maji) mapovu hayo yanatoboa slivu kwa nje. Tanki nalo liwe juu kuliko sehemu yoyote ya injini na rejeta.

Ushauri wa kutoa themostati siuungi mkono. Kwenye injini nyingi kubwa za dizeli, themostati ikifunguka ndiyo inayoziba njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini bila kupita rejeta. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi na maji ya moto yanajizungukia. Umejitia kuponya, umeongeza homa.

Rejeta ya injini ya nguvu farasi 300 haitabeba injini ya 475. Hapo hakuna uchunguzi, kuna rejeta kubwa. Gasketi ya silinda hedi ishuku mwisho, ukiona mapovu yasiyokwisha kwenye tanki hata baada ya kutoa hewa yote.

PRESHA YA OILI INASHUKA LIKITEREMKA AU LIKIFUNGA BREKI

Lori moja lililetwa kwangu likiwa limeshabadilishiwa oili pampu mara mbili. Tambarare lilikuwa na presha nzuri. Dereva akikanyaga breki mteremkoni, sindano inalala, taa inawaka, kisha inarudi. Nilipolala chini niliona sampu, lile beseni la oili chini ya injini, ina kina mbele, wakati alama za injini yenyewe zilionyesha ilizaliwa na sampu ya kina nyuma. Waliibadilisha ili ipite kwenye mti wa chesisi. Sampu ilikuwa ya injini ile ile, kwa hiyo boliti zilikubali. Tatizo lilikuwa bomba la kunyonyea: lile la zamani lilikatwa, likachomelewa kipande, na mdomo wake ulibaki umeinuka, juu sana kutoka chini ya sampu. Ukibadilisha sampu, chukua na bomba lake na mabano yake. Kisha tia oili kwa kipimo cha kitabu na uchonge alama mpya kwenye kijiti, maana kijiti cha zamani kinasoma sampu ya zamani.

MTETEMO, KLACHI NA GIA

Tafuta mtetemo unafuata nini. Simamisha lori, pandisha mizunguko mpaka pale unaposikika. Ukiwepo, ni injini, flaiwili au maunti (vishikizo vya injini). Usipokuwepo, endesha mpaka mwendo unaotetema, weka nyutro na acha lori lijiendee. Ukibaki, ni propela au magurudumu. Pembe ya kila krosi (kiungo cha propela) isizidi nyuzi 3, na za krosi mbili za shafti moja zipishane kwa si zaidi ya nyuzi 1. Injini iliyoinuliwa kidogo kupisha sampu inaharibu hesabu hiyo yote. Hakikisha pia mikono ya krosi ya ncha mbili za shafti imelala usawa mmoja.

Gia zinazoruka na klachi inayotetema wakati wa kuondoka zinaweza kutoka kwenye belihauzi iliyokaa upande. Funga geji ya saa kwenye flaiwili na uzungushe: kwa belihauzi ya kipimo cha SAE 1, uso na tundu visipishane zaidi ya milimita 0.20, na tundu la beringi ya mbele ya giaboksi lisizidi 0.13. Kazi yenyewe ni dakika 20, na karibu kila mtu huiruka.

Mwisho, soma kibao cha giaboksi. Kwenye Eaton Fuller, tarakimu mbili za mwanzo zidishe kwa 100 uongeze 50, ndiyo msokoto inaoweza kuubeba kwa pauni-futi. RTLO-16913A inabeba 1,650. Ukiifungia injini iliyopangwa 2,050, meno yatakujibu.

GEJI ZINACHEZA, STATA NZITO, KEBO YA MOTO

Hili ni la ethi, na linaweza kujificha ndani ya karibu kila tatizo la umeme lililotajwa juu. Maunti ni mpira, hivyo injini haigusi chesisi. Waya mnene wa ethi kati ya injini na chesisi usiporudishwa, umeme wa stata unatafuta njia nyingine. Weka ncha moja ya mita kwenye nguzo hasi ya betri, nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, mwenzako azungushe stata. Kwenye mfumo wa volti 12, ukiona zaidi ya nusu volti, ethi haitoshi. Ukikuta kebo ya ekselereta au ya kuzimia imebabuka plastiki yake na kubadilika rangi, usitafute zaidi. Ndiyo iliyokuwa ikibeba umeme wa stata.